Si Uzee Peke Yake Unaodhoofisha Miguu: Majibu kwa Yanayosemwa Kasese na Bwera

Ukipanda kutoka Bwera, wilayani Kasese nchini Uganda, kuelekea Ihandiro au Kitholhu msimu wa kahawa, utapishana na wazee ambao kijana wa mjini hawezi kuwafuata kwa mwendo. Ukishuka hadi soko la Mpondwe, au ukiingia katika nyumba za mji wa Kasese ambako watoto wamewaleta wazazi wao wapumzike, utakuta wazee wa umri uleule ambao hawawezi kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Hawa na wale wamekulia miteremko ileile, wakala chakula kilekile, na wengine ni ndugu wa tumbo moja. Watu wanazo sababu nyingi za kuieleza tofauti hiyo. Nyingi haziko sawa, na zinawapotezea wazee wetu miguu ambayo ingeweza kuokolewa. Nitazijibu moja baada ya nyingine.

"Ni uzee tu, hakuna la kufanya"

Dai hili lina sehemu ya kweli, na ni vizuri kuikubali kwanza. Msuli wa mguu hupungua kwa umri hata kwa mtu asiyeugua chochote. Mwaka 1988 Jan Lexell na wenzake wa Sweden walichapisha uchunguzi wa msuli wa upande wa nje wa paja katika miili ya wanaume 43 waliofariki wakiwa na afya njema, wenye umri wa miaka 15 hadi 83. Waliukata msuli mzima kwa upana wake wakahesabu nyuzi zilizomo. Kati ya miaka 20 na 80 msuli ulikuwa umepungua kwa asilimia 40 hivi. Sababu kubwa ilikuwa kwamba nyuzi zenyewe zilikuwa zimetoweka, na katika zilizobaki, zile zinazokaza kwa haraka ndizo zilizokonda zaidi.

Chanzo kimoja kikubwa ni neva. Kila kikundi cha nyuzi za msuli huamrishwa na neva moja itokayo kwenye uti wa mgongo, na neva hizo hufa kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda. Neva jirani hujitahidi kuziokoa nyuzi zilizoachwa kwa kuzitolea tawi jipya. Nyuzi zisizofikiwa na tawi hilo hufa, na mahali pake huingia mafuta na tishu ngumu zisizokaza. Ndiyo maana paja la mzee linaweza kuonekana nene na bado likakosa nguvu, na ndiyo maana nguvu hupungua haraka kuliko nyama yenyewe.

Mpangilio wa ndani nao hubadilika. Katika kigimbi, nyuzi za msuli zimelala mshazari kuelekea ukano wa kisigino, mfano wa nyuzi za unyoya wa kuku zinavyolala kwenye mhimili wake. Mwaka 2003 Marco Narici na wenzake, waliofanya kazi yao Uingereza, waliwalinganisha kwa mashine ya altrasaundi wanaume 14 wa miaka 27 hadi 42 na wanaume 16 wa miaka 70 hadi 81. Wote walikuwa wazima, na makundi hayo mawili yalilingana kwa kimo, uzito na kiasi cha shughuli za kila siku. Hata hivyo vigimbi vya wazee vilikuwa vidogo kwa asilimia 25, nyuzi zake fupi kwa asilimia 10, na ule mshazari umepungua kwa asilimia 13. Uzi uliofupika hukaza polepole. Mshazari ukipungua, ni dalili kwamba nyuzi zilizopangwa bega kwa bega ni chache, na msukumo nao hupungua. Ukano pia hulegea kwa miaka, hivyo sehemu ya mvuto huishia kuunyoosha ukano kabla kisigino hakijainuka. Mzee anayesema miguu yake "inachelewa kuitika" anaeleza jambo la kweli linaloweza kupimwa.

Hapo ndipo ukweli wa dai hili unapokomea. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya katika makao ya wazee mjini Boston, Marekani. Walichukua wazee 10 waliojitolea, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wengi wao wakiwa na magonjwa ya muda mrefu, wakawafanyisha mazoezi mazito ya paja kwa wiki 8. Nguvu za paja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani karibu mara tatu ya walikoanzia. Msuli wa paja ukanenepa kwa asilimia 9. Wawili kati yao waliacha kutumia mikongojo. Neva zilizokufa hazikufufuka. Lakini zilizobaki zilijifunza kuamrisha vizuri zaidi, na nyuzi zilizobaki zikanenepa. Kama mtu wa miaka 90 aliweza hayo katika wiki 8, sioni kwa nini tumwambie mama wa miaka 66 wa Bwera kwamba miguu yake imekwisha.

"Sisi ni watu wa mlima, mlima unatosha"

Nalielewa dai hili na naheshimu fahari iliyomo ndani yake. Bakonzo walikuwa miongoni mwa wapagazi waliobeba mizigo ya msafara wa Duke wa Abruzzi ulioipanda milima ya Rwenzori mwaka 1906, na mpaka leo wanaume na wanawake wa Ibanda na Kilembe huwapandisha wageni kuelekea kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Lakini kuna mambo matatu ambayo fahari hii huyaficha.

La kwanza, mlima hauweki akiba. Wale wazee wa Boston walipoacha mazoezi kwa wiki 4 tu, walipoteza asilimia 32 ya nguvu walizokuwa nazo. Mzee aliyepanda na kushuka Kyarumba kwa miaka 50, kisha akahamia kwa mwanawe mjini Kasese ambako ni tambarare, baada ya mwaka mmoja anatembelea miguu ya huo mwaka mmoja.

La pili, kutembea polepole kwa saa nyingi hukuza stahamala, na hilo ni jema kwa moyo na pumzi. Kinachopungua haraka zaidi uzeeni ni kitu kingine: uwezo wa kutoa nguvu kwa ghafla. Dawn Skelton na wenzake wa Uingereza waliwapima mwaka 1994 watu 100 wenye afya, wa miaka 65 hadi 89. Nguvu za misuli zilikuwa zikipungua kwa asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka, lakini uwezo wa mguu kusukuma kwa haraka ulipungua kwa asilimia 3.5 hivi. Huo ndio uwezo unaomwokoa mtu mguu unapoteleza kwenye udongo uliolowa mwezi wa Aprili. Mzee anaweza kutembea kilomita 8 kwenda kanisani na bado akashindwa kujizuia asianguke kwenye kijito cha nyuma ya nyumba.

La tatu ni mizigo. Husemwa kwamba mwanamke aliyebeba kuni na ndizi tangu utotoni, ukanda ukiwa kwenye paji la uso, hawezi kukosa nguvu za miguu. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Kenya na wenzake waliwapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo, wakitembea kwenye mashine ya tambarare. Mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nishati hata kidogo. Mwili wao umejifunza ufundi wa kubeba kwa gharama ndogo. Ni ufundi wa kustaajabisha. Ila kama mzigo hauongezi gharama, tusidhani kwamba kila siku ya kuubeba ni siku ya kujenga paja.

Mlima una zawadi moja halisi, nayo ni mteremko. Unaposhuka, msuli wa paja hukaza huku ukirefushwa, ukiuzuia mwili usiporomoke. Aina hii ya nguvu ndiyo hudumu kuliko zote uzeeni. Mzee ambaye bado anashuka mwenyewe kila siku, kwa fimbo na kwa uangalifu, aendelee kushuka. Aliyeacha kwa miezi asirudie ghafla njia yote, maana mapaja yatamuuma siku mbili tatu na ataogopa kurudia tena.

"Amefanya kazi ya kutosha, mwacheni akae"

Dai hili hutoka kwenye mapenzi, na ndilo linaloniumiza zaidi. Mtoto amepata kazi Kasese au Kampala, amejenga, amemnunulia mama kiti chenye mito, ameajiri msichana wa kuchota maji, na bodaboda huja mlangoni kumpeleka kliniki. Kila kitu kimefanywa kwa heshima. Na miguu ya mama inayeyuka.

Mwaka 2007 Patrick Kortebein na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza kitandani watu wazima wenye afya, wastani wa umri miaka 67, kwa siku 10. Hawakuwa na homa wala jeraha; walilala tu, na chakula chao kilipimwa kisipungue. Katika siku hizo 10 walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu, na nguvu za kunyoosha goti zikashuka kwa asilimia 16 hivi. Sasa mfikirie mzee aliyelazwa kwa malaria kali, au kwa nimonia, siku 10 zilezile, hali hamu ya kula imemtoka. Anarudi nyumbani amepona ugonjwa, na jamaa wanasema "bado hana nguvu, apumzike." Mapumziko hayo ya pili ndiyo yanayompeleka kwenye kitanda ambacho hainuki tena. Nawasihi wauguzaji, pale wodini: mara tu daktari akiruhusu, mwinue mgonjwa aketi, asimame, aende hadi mlangoni na kurudi, mara kadhaa kwa siku.

Hata namna ya kukaa ina uzito wake. Mwaka 2020 David Raichlen na wenzake walieleza maisha ya Wahadza wa Tanzania, ambao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, muda unaokaribiana na wa watu wa mijini. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko yao ni kuchutama au kupiga magoti, na katika kuchutama misuli ya miguu hufanya kazi zaidi kuliko mtu anapokaa kitini. Wazee wetu walikuwa na kigoda kifupi jikoni na mkeka uani. Kila walipoinuka kwenda kuchochea moto, paja lilifanya kazi. Mama akitaka kuchambua maharagwe kwenye mkeka, mwache. Akitaka kuwalisha kuku mwenyewe, mwache. Bodaboda imfikishe chini ya kilima chake ikiwa miguu yake inamudu kumalizia, si lazima imfikishe kizingitini.

"Goti likiuma lisisumbuliwe"

Goti la mzee mara nyingi huuma kwa sababu ya kulika kwa gegedu. Tiba inayopendekezwa kwanza duniani kote kwa goti la namna hiyo ni mazoezi ya kuliimarisha paja, kwa kuwa paja lenye nguvu hupunguza mzigo unaolifikia goti. Kulipumzisha miezi mingi hulegeza paja, na goti huzidi kuuma. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi, yanayotulia kufikia kesho yake, hayadhuru. Goti lililovimba, lenye joto, au lililojifunga ghafla likaoneshwe kwa daktari.

"Achomwe sindano ya nguvu"

Katika maduka ya dawa sindano za vitamini B huombwa kama dawa ya miguu. Mwenye upungufu wa vitamini hiyo, hasa B12, atanufaika sana, na daktari anaweza kumtambua. Asiye na upungufu hapati msuli wowote kutokana nayo. Diklofenaki hutuliza maumivu, lakini ikitumiwa miezi na miezi huumiza tumbo na figo na hupandisha shinikizo la damu, na wazee ndio wanaoathirika haraka.

Hatari kubwa kuliko hizo ni vidonge vya prednisoloni na deksamethasoni vinavyotolewa bila cheti. Mzee akivimeza anasikia nafuu siku ileile, anakula vizuri, uso unajaa, na majirani wanasema amenona. Dawa hizi, zikitumiwa kwa muda mrefu, huvunja msuli wa paja na nyonga, hasa zile nyuzi za haraka ambazo uzee tayari umezikondesha. Dalili ni kwamba uso umejaa ilhali mtu hawezi kuinuka kwenye kigoda. Ziko hali ambazo daktari huziandika dawa hizi kwa sababu nzuri, na aliyezitumia wiki nyingi asiziache ghafla, maana mwili wake umezitegemea. Aende hospitali apunguziwe kwa utaratibu.

"Mayai na samaki ni vya watoto, mzee anatosheka na obundu"

Katika nyumba nyingi bibi ndiye hukata vipande vya samaki, na hujibakizia mchuzi. Wataalamu walioupitia upya ushahidi mwaka 2013 walipendekeza mtu aliyezidi miaka 65 apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, zaidi ya kijana. Mama wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60. Obundu uliosongwa kwa gramu 200 za unga wa muhogo haufikishi gramu 5. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina gramu 15 hivi, yai moja gramu 6, na kipande cha gramu 100 cha samaki wa Katwe gramu 20 au zaidi. Karanga nazo zinasaidia. Kwa hiyo si lazima nyama: maharagwe yaliyotosha mara mbili kwa siku na yai huivusha nyumba maskini. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Serikali huwapa wazee wa miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 kwa mwezi. Nashukuru kwamba zipo. Ila msuli hauanzi kupungua mtu akifika 80, na anayesubiri fedha hizo ndipo ale yai amechelewa kwa miaka 20.

Niongeze jambo moja, kwa sababu wapo wanaouza vyakula vya makopo kwa ahadi ya kurudisha nguvu. Fiatarone alirudi mwaka 1994 na wazee 100 wenye umri wa wastani wa miaka 87. Waliofanya mazoezi kwa wiki 10 nguvu zao ziliongezeka kwa asilimia 113. Waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi hawakupata nguvu. Chakula ni matofali. Bila mazoezi hakuna anayejenga.

"Amekanyaga kitu"

Mguu unapovimba au kulegea, wengi hudhani mzee amekanyaga dawa iliyozikwa njiani. Mwaka 2015 wilaya ya Kamwenge, mashariki ya Ziwa George, ilikumbwa na hofu kwa sababu watu wengi walikuwa wamevimba miguu. Wachunguzi walikuta ni podokoniosisi, ugonjwa unaoletwa na kutembea pekupeku miaka mingi kwenye udongo wa asili ya volkano. Walikuwa wamekanyaga kitu kweli, na viatu pamoja na kuosha miguu vingewakinga.

Udhaifu wa uzee huja pande zote mbili, polepole, kwa miaka. Ukiona kinyume chake, usingoje. Mguu mmoja na mkono wa upande huohuo ukilegea ghafla, ni kiharusi, na kila saa ina thamani. Miguu yote miwili ikilegea ndani ya siku au wiki chache, mgongo ukiuma, haja ndogo ikishindikana, huenda uti wa mgongo umebanwa, na kifua kikuu cha mgongo ni mojawapo ya visababishi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kigimbini, huenda damu imeganda. Hayo yote yana tiba hospitali, na yote huharibika kabisa familia inapotumia wiki mbili kwa mganga.

La kufanya

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki na ya mizani ya mwili siku 3. Hakuna haja ya mashine. Kiti imara kiegemezwe ukutani. Mzee asimame na kukaa mara 8 hadi 10, apumzike, arudie. Ainuke kwa haraka kadiri awezavyo, kwa ajili ya zile nyuzi za ghafla, na aketi polepole akihesabu hadi tatu. Kisha ashike mwimo wa mlango, ainue visigino vyote viwili mara 10. Kwa mizani, asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshika mwimo huohuo. Ikiwa rahisi, akumbatie jerikeni lenye lita 3 za maji kifuani, na baadaye lita 5. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au shinikizo lisilodhibitiwa aonwe na daktari kabla ya kuanza.

Timu za afya za vijiji zinazopita nyumba kwa nyumba Kasese yote, tangu Maliba hadi Mpondwe, zingeweza kuongeza kipimo kimoja kisicho na gharama. Mzee aketi kwenye kiti kisicho na mikono, mikono yake ikunjwe kifuani, asimame na kukaa mara 5 huku simu ikihesabu muda. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2019 unasema ikizidi sekunde 15, nguvu za miguu ni hafifu na mtu huyo afuatiliwe. Naiomba ofisi ya afya ya wilaya ilifikirie jambo hili, kwa kuwa leo mzee hugunduliwa siku anapovunjika nyonga.

Nawe uliye na mzazi nyumbani, usisubiri timu. Weka kiti, shika simu, mpime leo. Zikizidi sekunde 15, aanze kesho asubuhi na mara tano, awe na mtu wa kusimama karibu naye, na jioni umpe kipande cha samaki.